Tundu Katikati ya Shasha

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Karibu, Mdaku wangu! Daftari hili ni siri, kwa hiyo ikiwa unalisoma, wewe mdaku. Mie wadaku nawapenda. Kaa kitako.

Leo nimekuwa mvuvi. Asubuhi nlikuwa sina kazi, adhuhuri nna kazi. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwa mtu mwenye akili.

Kisa chenyewe. Bi Kheiria, shangazi yangu ninayekaa kwake hapa Matrah, Omani, kanambia kwenye chai kuwa keshampelekea salamu ndugu yake, Ami Amur. Ami anakuja Alkhamisi kutoka Izki. Akinikuta sina shughuli ya maana, ananichukua nikamsaidie mashamba yake ya mitende. Nikauliza shughuli ya maana ni ipi. Kajibu: yoyote, Harub, yoyote inayomtoa mtu kitandani kabla jua halijamtoa.

Izki! Kule ndani kwenye majabali! Mie niliyezaliwa Malindi ya Unguja, bahari mlangoni! Kule hakuna bahari, hakuna wa kuzungumza naye Kiswahili, na mbuzi wanaamka kabla ya alfajiri. Ntakufa. Nimemwambia Bi Kheiria ntakufa. Kasema nikishamaliza kufa nikanunue mkate.

Nikakimbilia kwa Thabit badala ya mkate. Thabit ni binamu yangu, karani wa stoo kwenye kambi ya mafuta, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata akienda msalani. Kanionesha kisanduku alichoachiwa na injinia mmoja wa Kanada aliyerudi kwao. Zana za uvuvi, za kizamani. Ufito mfupi kama mwiko wa pilau. Uzi wa shaba, umezungushwa kwenye kigurudumu cha mbao. Vijiko vya shaba visivyo na mpini, kila kimoja na ndoana mkiani. Tindo la chuma, refu kama bakora. Na vijiti viwili vilivyopishana, vina kibendera chekundu: samaki akivuta uzi tu, kibendera kinaruka juu chenyewe, pyu! Wewe umekaa zako unakunywa kahawa.

Nimempa viatu vyangu, kanipa kisanduku. Kacheka hata akashika ukuta. Acheke.

Jumapili, 6 Desemba

Nimesoma kijitabu kilichokuwemo. Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi, na kamusi yangu mchwa wamekula kuanzia herufi M, kwa hiyo nnajua Kiingereza cha nusu ya mwanzo. Kinatosha. Kule Kanada ziwa linaganda likawa jiwe. Mtu anatembea juu yake, anatoboa tundu kwa tindo, anatumbukiza kijiko, anakaa kigodani, anangoja kibendera. Na picha! Samaki kama mtoto wa miaka mitano, mdomo wazi, utadhani kashangaa mwenyewe alivyo mkubwa.

Bi Kheiria katazama picha, kasema mzungu huyo kavaa magodoro. Kisha kauliza barafu mie ntaitoa wapi.

Swali zuri. Nimekwenda kambini kwa Thabit, miguu mitupu, changarawe zinanitafuna nyayo. Kanipa bonge la barafu la kukaliwa na watu wawili. Nikalifunga magunia, nikapanda nalo gari la mizigo, na Thabit huyo nyuma, eti anataka kuona mwisho wangu. Nia yangu nilitie baharini, nilitoboe, nijaribu kibendera.

Bahari sikufika! Nlipopita mlangoni petu bonge lishakuwa kama mto wa kulalia. Jirani yetu Bi Masouda kaja na bakuli. Nyuma yake mtaa mzima na majagi. Bi Kheiria, shangazi yangu wa damu, kalinyakua tindo langu na kulivunja bonge kwa mkono wake! Sharubati ya ndimu mpaka kwa wapita njia. Bi Masouda kaniombea dua mie na watoto wangu wote, ambao sina, kisha kauliza kesho naleta saa ngapi. Wauza samaki nao wakanifuata, wanataka ya kulazia nguru wao. Nikawapigia kelele: jamani, mie si mtu wa barafu, mie mvuvi!

Thabit kasimama pembeni na bilauri yake, anaiangalia foleni. Sijui kilichomshika. Kufikiri si kawaida yake.

Jumatatu, 7 Desemba

Nimeamka nimeshajua! Barafu haina maana yoyote. Siri ni TUNDU.

Fuata akili yangu, Mdaku. Samaki anapenda kivuli. Barafu ni dari, inampa kivuli. Anajiona yumo nyumbani, kastarehe. Ghafla anaona tundu, mwanga unaingia. Ataacha kuja kuchungulia? Wewe ungeacha? Basi kinachotakiwa ni dari juu ya bahari, na tundu katikati.

Mashua ya mbao haifai, ukiitoboa inazama, mie si mjinga. Lakini shasha! Wavuvi wa Sib wanazo ufukweni: vyombo vya vijiti vya makuti ya mtende vilivyofungwa pamoja. Hakuna lami, hakuna misumari. Maji yanaingia na kutoka yapendavyo, mvuvi anakaa kalowa mpaka kiunoni, na chombo kinaelea tu. Chombo chenye matundu elfu moja kitadhurika nini na la elfu moja na moja?

Nimekwenda Sib kwa Mzee Majid, mwenye shasha nzuri kuliko zote. Huko huombi kitu hivi hivi. Tende kwanza. Kahawa. Kisha habari za nyumbani, habari za njiani, habari za mvua. Kisha nasaba yangu: baba, babu, baba wa babu. Tulipofika kwa babu wa nne Mzee Majid kapiga paja. Eti babu huyo aliwahi kumponya ngamia wa babu yake! Basi kesho kutwa nichukue shasha, bila ya kitu, kwa heshima ya ngamia. Kauliza bahari naijua? Nikamwambia nimezaliwa juu yake. Habari ya tundu sikuisema.

Hakuniuliza.

Jumanne, 8 Desemba

Nimefanya mazoezi uwani. Nimefunga uzi wa shaba kwenye mguu wa jogoo wa Bi Kheiria nione kibendera kitaruka. Kimeruka! Jogoo karuka pia. Kapita juu ya ukuta na uzi wote, kazunguka mnazi wa—nini! Hapa hakuna minazi, nnaisahau kila siku—kazunguka kamba ya nguo za Bi Masouda, kanga tatu chini. Nusu saa kumfungua. Bi Masouda kaniuliza mie na jogoo nani mkubwa. Halafu kauliza barafu iko wapi.

Thabit kapita jioni na magunia manne ya barafu, suruali imelowa, anagawa mlango kwa mlango. Nimemwambia haya, karani kawa hamali! Kanijibu, bila ya hata kukasirika, kuwa yeye angalau anakibeba anachokijua. Maneno ya mtu aliyekosa ndoto.

Bi Kheiria kanikumbusha zimebaki siku mbili. Nimemwambia Ami Amur Alkhamisi atakula nguru wangu, na atajuta kuniletea majabali yake. Kanipa mandazi ya kwenda nayo. Ananipenda yule mwanamke, ndiyo maana nnaogopa kuondoka.

Jumatano, 9 Desemba

Nnaandika nikiwa nimevaa kanzu ya mtu mwengine.

Nimeingia baharini asubuhi, bahari shwari kama sinia. Kisanduku mapajani, mandazi kichwani yasilowe. Nlipofika mbali kidogo na ufuko nikashika tindo. Kha! Kha! Kha! Vijiti vikakatika vizuri kabisa. Tundu likatokea, la mviringo, kama la kijitabuni. Nikatumbukiza kijiko cha shaba. Nikasimamisha kibendera. Nikala andazi. Mdaku, dakika ile mie nlikuwa sultani.

Kumbe shasha imefungwa kwa kamba zinazofuatana, hii imeishika ile, kama mkeka! Na mie nimelelewa na wanawake wa kusuka mikeka, nimekaa juu ya mikeka maisha yangu yote, najua kabisa ukikata ukili mmoja nini kinafuata. Halikunijia! Kijiti kimoja kikajitoa, kikaelea zake. Kikafuata cha pili. Nikakishika kwa mguu. Cha tatu nikakikalia. Cha nne, cha tano, vikatoka kama watu baada ya sala ya Ijumaa. Nikabaki nimepanda kifurushi kama punda, nimekumbatia kisanduku.

Na hapo hapo, pyu! Kibendera juu!

Nimenasa! Nikapiga ukelele. Nikavuta. Mzito! Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kila nikivuta nasikia baridi miguuni. Nlikuwa nimenasa kikoi changu mwenyewe. Nikakivua chote, na kikaenda na maji.

Wakaniokoa watu wa juya. Walikuwa ufukweni wanavuta wavu mkubwa wa dagaa, thalathini hivi, nusu kamba hii nusu kamba ile, na mie nimo ndani ya duara. Nikaja pamoja na dagaa. Sasa pale Sib kila aliyeshika kamba anapata fungu lake. Wakanizunguka, nimejifunika kwa magome ya mtende, wakaanza kujadiliana kwa sauti huyu agaiwe vipi. Mmoja kasema yeye hataki, hana mchuzi wa kumtosha. Mwengine kasema nirudishwe, bado mdogo. Kiarabu changu kibovu, lakini hayo niliyafahamu yote.

Mzee Majid kasema mie fungu lake. Kanivisha kanzu yake. Hakupiga kelele hata kidogo, bora angepiga. Kaokota kijiti kimoja kilicholetwa na wimbi, kakigeuza geuza, kaniuliza kwa upole kama yule babu wa ngamia alikuwa hivi hivi.

Kesho Ami Amur. Nguru sina. Shughuli sina. Kikoi sina.

Alkhamisi, 10 Desemba

Ami Amur kafika adhuhuri na Landrova yake, vumbi mpaka kwenye kope. Na nani kakaa barazani anamngoja? Mzee Majid. Wakaamkiana robo saa, habari za mvua, habari za ng'ombe, na mie nimesimama katikati kama mwizi. Kisha Mzee Majid kahadithia. Tundu pia kalitaja. Ami kafumba macho.

Kasema makuti ya mitende analo shamba zima, ataleta ya kutosha shasha mpya, na mie huyo huyo ntayachambua. Halafu kanigeukia, kanambia nifunge nguo zangu. Nikamtazama Bi Kheiria. Katazama pembeni, anajifuta kwa kanga. Basi. Nimekwisha.

Sasa sikiliza. Thabit kaingia na barafu ya Bi Kheiria. Ami katiliwa sharubati. Kanywa. Kaitazama bilauri. Kanywa ya pili, ya tatu, kalitia bonge mdomoni kama mtoto. Kauliza biashara hii ya nani. Na Thabit, Mdaku, Thabit! Kasema ya Harub. Kasema Harub ndiye aliyeileta barafu ya kwanza mtaani na kuwaonjesha watu, yeye kafuata tu. Sasa wauza samaki wanaitaka kila asubuhi, mikono miwili haitoshi, na Harub akitaka watakuwa pamoja.

Ami kafikiri. Kasema kama ni hivyo, nikae. Landrova ataiacha hapa siku tatu kila wiki, ibebe barafu, na makuti yatachambuliwa hapa hapa. Bi Kheiria kapiga kigelegele! Kanibusu kipaji cha uso mbele ya wageni!

Nimebaki Matrah. Nimepona. Nimemkumbatia Thabit hata suruali yake ikakunjamana.

Ijumaa, 11 Desemba

Baada ya sala tumekula wali pamoja. Ami kafurahi, kaanza kusimulia kwao. Kasema maji ya Izki hayapiti juu, yanatoka mlimani kwa falaji, mfereji uliochimbwa chini kwa chini na watu wa kale. Juu ni dari ya mwamba. Na kila baada ya hatua kadhaa, kasema, pana tundu. Unachungulia, maji meusi chini. Matundu yamepangana, moja, la pili, la tatu, kutoka mlimani mpaka mjini.

Tonge likaniponyoka.

Dari! Kivuli! Maji! Na matundu yameshatobolewa, safu nzima! Hakuna kukata kamba ya mtu!

Nikauliza, samaki wamo? Ami kasema wamo, wadogo kama kidole, wanawatekenya watu miguu wakitawadha. Lakini fikiri, hao ni wanaotoka nje. Wakubwa watoke wakatafute nini, na wao wana kivuli? Nani kawahi kuingia huko ndani akawapima?

Nimewaambia nakwenda Izki. Ami kaacha kutafuna. Thabit keshaandika jina langu ubavuni mwa Landrova kwa rangi nyeupe, "Thabit na Harub, Barafu," bado haijakauka. Bi Kheiria kanishika kipaji tena, safari hii kutazama homa. Kasema nijibu kwa akili timamu kabla ya alasiri, kwani ndipo gari la Ami linaporudi Izki.

Kisanduku nshakifunga kamba. Wewe Mdaku, uliyeona matundu yale yote yamepangwa yanakungoja, ungekaa hapa ukabeba barafu?