Ombi la Kuling'oa Jina la Thornlow katika Kitabu cha Wageni

Thornlow, Derbyshire
Jumapili, baada ya ibada

Ndugu Mhariri wa Kitabu cha Wageni,

Natumaini u mzima, wewe na wenzako mnaoishi kwa kuelekeza watu kwenye milango ya watu wengine. Mimi ni Clement Heathcote, na nyumba yangu inatazamana na kisima cha Thornlow. Kwa heshima na taadhima naomba ukurasa wa kijiji chetu ung'olewe katika kitabu chenu cha kuongoza watalii. Sababu zangu ni hizi.

1. Umeandika kwamba malkia mmoja mfungwa alilala katika jumba letu kuu. Jumba hilo lilijengwa malkia akiwa amekwisha kusahaulika kaburini. Wageni wanataka kitanda. Mwanzoni niliwaambia ukweli, wakanuna. Siku hizi jirani yangu, Bi Enid Wildgoose, huwaonyesha kitanda cha marehemu mama mkwe wake, nao hutoka wakifuta machozi. Mama yule hakuliliwa na mtu hata siku ya mazishi yake.

2. Lile unaloliita "pango la kutisha" ni shimo ambamo babu zetu walichimba madini ya risasi. Wageni huingia wakicheka, hutoka wamelowa, kisha hubisha kwangu kuuliza choo. Choo changu hukukitaja popote, lakini ndicho kinachotembelewa kuliko vivutio vyote vya kaunti hii.

3. Kisima. Hapa ndipo uvumilivu uliponiishia. Kila mgeni huniuliza:

"Babu, hiki kisima kina nini cha ajabu?"

"Maji."

"Basi?"

"Basi."

Hapo Enid hupaza sauti kutoka dirishani: "Clem, acha roho mbaya! Waambie habari za maua!" Inanibidi nieleze kwamba kila kiangazi tunakivisha kisima chetu. Tunachukua ubao mpana, tunaupaka udongo, tunabandika petali moja moja mpaka itokee picha takatifu. Wakishasikia hayo, nao wanataka kubandika.

Mwaka jana nilimruhusu mama mmoja wa kutoka Leeds. Kila mtu wa hapa anajua kwamba petali huanzia chini kwenda juu, safu ikiilalia safu kama vigae vya paa, ili mvua iteleze. Yeye alianzia juu. Mvua ikanyesha, maana hii ni Derbyshire, ikapenya, na Mtume Petro akapoteza ndevu zake zote mbele ya Askofu. Askofu akasifu sana uzuri wa Bikira Maria. Nikasema amina, ningefanyaje?

4. Waliotupenda kupita kiasi walinunua nyumba zetu, wakazifunga, nao huja Jumamosi mbili tatu kwa mwaka. Watoto wetu wamehamia mjini Derby. Usiku, upande wetu wa barabara, madirisha yenye taa ni langu na la Enid. Hili linaniuma, Mhariri, wala silitii chumvi.

5. Kwa hiyo kufuta ukurasa peke yake hakutoshi. Kibao cha njia kigeuzwe kielekee kijiji cha pili, barabara iachwe iote nyasi, na kwenye ramani tuchorwe kama bwawa. Hayo yakishindikana, tuhamishiwe kaunti ya Staffordshire, ambako hakuna atakayetufuata.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule mchora ramani ambaye ni dhahiri hajawahi kufika hapa, na mkeo, kama bado anakuvumilia.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kiduchu,
Clement Heathcote
Msimamizi wa Kuvisha Kisima

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha, nimeifungua tena. Mchana huu tulikwenda kuutoa ubao mtoni, tulikouloweka ili udongo uushike vizuri. Tulikuwa mimi, Enid na magoti yake, na kasisi. Tulivuta hadi kasisi akatamka neno ambalo nimeahidi kutolirudia. Ubao ulikuwa umekunywa maji ukawa mzito, haukusogea hata kidogo. Enid akaketi kwenye nyasi, akasema, "Clem, mwaka huu kisima kitakaa uchi."

Hakijakaa uchi tangu enzi za babu wa babu yangu. Nimeogopa, Mhariri, nimeogopa kweli. Tafadhali ukurasa usiuguse. Ongeza tu kwamba kazi inaanza Jumatano asubuhi, na yeyote mwenye mgongo mzima aje, atafundishwa. Na pale ulipoandika kwamba wageni wanakaribishwa, futa. Andika wanangojwa.