Dimbwi la Korongo, Mita Kumi na Mbili kwa Nane

Jumatatu, 6 Oktoba

Mkurugenzi katuita asubuhi. Bi Tanskanen hana maneno mengi. Kuanzia Januari manispaa yetu ya Haukivaara na ile ya Sorvala zinakuwa moja. Wakuu wa ramani wawili, kiti kimoja. Ataamua baada ya Siku za Watumiaji wa Ramani za Serikali kule Jyväskylä, ambako mimi na mwenzangu wa Sorvala tutazungumza Jumatano. Kaniambia anatarajia mengi kutoka kwangu. Sikupenda alivyoangalia dirishani aliposema hivyo.

Huyo mwenzangu ni Marjut Kettula. Miaka hamsini na minane, mabuti ya mpira, penseli sikioni. Mtaji wake ni mmoja tu: anatembea. Kila chemchemi na kila dimbwi la Sorvala amelifikia kwa miguu.

Mimi nimelipwa majira matatu ya kiangazi kufanya hivyohivyo huku kwetu. Nimepima madimbwi kumi na moja. Yote yanaonekana kutoka barabarani. Siku zilizobaki nilikuwa kwenye kibanda chetu cha ziwani na ndoano, lakini kimawazo nilikuwa kazini.

Bahati haiachi watu wake. Tangu tuanze kuungana, ramani za manispaa zote mbili zinakaa ghala moja kwenye kompyuta. Leo nimefungua ya Marjut. Mama huyu amevuka mpaka hadi kwetu, eti maji hayajui mipaka. Mia mbili na kumi na nne, upande wetu peke yake. Nimenakili yote. Dakika nne. Buluu yake nimeikoleza kidogo ili iwe buluu yangu. Orodha ya madimbwi ya hotuba yangu nimewatumia waandaaji papo hapo.

Niliona haya kwa muda mfupi. Nikala andazi la iliki, zikapungua.

Jioni nimemtumia ramani Rauno, kaka wa mke wangu, mkuu wa zimamoto wa kujitolea huko vijijini. Nataka barua ya shukrani ya kumwonyesha mkurugenzi. Kajibu ndani ya saa moja. Kasema shemeji, leo umenishangaza, kumbe u mtu wa maana. Kijiji cha Kuusikko hakijawahi kuwa na maji ya karibu ya kuzimia moto, na kumbe kuna Dimbwi la Korongo, mita mia mbili kutoka nyumba ya mwisho. Analiweka kwenye mpango wao.

Nami nikaliangalia kwa mara ya kwanza. Dimbwi zuri. Mita kumi na mbili kwa nane.

Jumanne, 7 Oktoba

Treni. Marjut behewa moja na mimi. Kanigawia mkate wake wa shayiri nyeusi na jibini, kaniuliza kiangazi kilikuwaje. Nikasema miguu haina hamu na mimi. Akatazama viatu vyangu. Ni vya ngozi, vipya. Nikavisogeza chini ya kiti.

Ukumbini watu mia tatu, wote wa serikali, wote na kitambulisho shingoni. Waundaji wa programu yetu wakaonyesha toleo jipya tulilolingoja miaka miwili. Ukibonyeza kitu chochote kwenye ramani, kinajieleza chenyewe: nani kakipima, lini, na ameandika maelezo gani. Zamani hayo yalikuwa yamefichwa mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu aliyefungua. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Nikaliweka toleo hilo kwenye kompyuta yangu papo hapo, nisionekane mshamba.

Baadaye tukaoga mvuke kwenye sauna ya wanaume. Jamaa mmoja wa mji wa Oulu kaniuliza habari za madimbwi yangu. Nikaanza na Korongo. Uchi hauna mfuko wala kola, lakini ulimi haukuvuliwa kitu. Mwanzoni nilisema nililiona kwa mbali. Aliporusha maji kwenye mawe nikawa nimelivuka, maji magotini. Tulipotoka kuruka ziwani yalikuwa yamenifika kiunoni, na korongo mwenyewe kasimama pembeni kwa mguu mmoja, ananitazama.

Kwenye supu ya samaki Marjut kaja mezani kwangu. Kauliza kwa sauti ya chini kama Dimbwi la Korongo nimelifikia kweli. Nikasema nimelivuka, kiunoni. Akageuza kijiko. Halafu akasema, "Ensio, ndugu yangu, kesho kabla hujapanda jukwaani, hebu liangalie tena hilo. Au liondoe tu. Hakuna atakayeuliza."

Nilimwelewa mara moja. Anaogopa. Kaona ndilo dimbwi langu bora, anataka nilifiche. Nitaanza nalo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeanza nalo.

Nataka kuandika haya haraka. Bi Tanskanen mstari wa mbele. Marjut mstari wa tatu, kainamisha kichwa kama mtu aliye msibani. Nikaonyesha Korongo ukutani. Nikaeleza baridi ya maji. Nikaeleza tope lililotaka kubaki na buti langu. Korongo nilimpa sentensi nne.

Yule wa Oulu kanyosha mkono, mtu mwema, hakuwa na nia mbaya. Kaomba nibonyeze dimbwi tuone lile jambo jipya la jana. Nikabonyeza kwa kidole cha maringo.

Ukutani, herufi kubwa kama mlango:

Amepima: M. Kettula. Maelezo: Dimbwi hili halipo. Nimelichora ili nimtambue atakayenakili bila kutembea. Ukifika hapa utakuta vichaka na jiwe moja kubwa. Karibu kahawa.

Ni desturi ya wachora ramani wa zamani. Unaweka kitu kimoja cha uongo kwenye kazi yako, ukikiona kwa mwingine umemjua mwizi. Naijua desturi hiyo. Niliwafundisha wanagenzi mwezi wa Aprili, kwa picha.

Hakuna aliyecheka. Watu wa kwetu wanajua kunyamaza, lakini kimya hiki kilikuwa na uzito wa kubebwa na watu wanne. Nikasema huenda limekauka. Nikasema korongo naye pengine kahama. Hapo ndipo walipocheka, wote mia tatu, na Bi Tanskanen akafunga daftari lake.

Nikatoka kwa mlango wa karibu. Ulikuwa wa stoo ya viti. Nikakaa humo hadi saa ya kahawa, kwa kuwa kurudi ukumbini kungekuwa kupanda jukwaani mara ya pili. Masikio yalikuwa yanawaka. Miaka ishirini na mbili serikalini. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niliteremka kula uji mapema nisikutane na mtu. Marjut alikuwa ameshakaa, ameniwekea kikombe.

Hakunicheka. Ningefurahi angenicheka. Kasema mtego ule hakuuweka kwa ajili yangu, bali kwa kampuni moja iliyomwibia kazi zamani, na kwamba alipoona jina la Korongo kwenye orodha ya hotuba yangu hakupata usingizi. Ndiyo maana alinionya. Kiti kapewa yeye. Bi Tanskanen alitaka kunifukuza. Marjut kamwambia Ensio abaki, ana jicho zuri la rangi.

Kaweka masharti mawili. La kwanza, niwaandikie zimamoto leo hii kwamba dimbwi halipo. La pili, Jumatatu saa tatu asubuhi nivae mabuti, twende wote wawili Kuusikko, tulifute Korongo tukiwa tumesimama pale pale, kisha tuyatembelee yale mia mbili na kumi na tatu yaliyobaki, moja baada ya jingine, hata kama ni hadi Krismasi.

Nikaahidi. Machozi yalinitoka, nikayasingizia mvuke wa uji. Mwanamke yule alinishika mkono juzi ili nisianguke, nami nikadhani ananisukuma. Hilo linaniuma kuliko ule ukuta.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ofisini nimekuta korongo wa karatasi mezani. Kasimama kwa mguu mmoja. Wamemtengeneza vizuri, lazima niseme. Nimemweka kwenye droo.

Nimeanza barua ya Rauno mara nne. Mtu anamwandikiaje shemeji yake kitu kama hiki? Siku ya harusi yetu aliinua glasi akasema dada yake kaolewa na maneno matupu, watu wakagonga meza. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikimtafutia jibu. Jumatatu iliyopita, kwa mara ya kwanza, aliniita mtu wa maana. Nimwachie walau wikiendi hii aendelee kuniita hivyo. Msitu umelowa, hakuna kitakachowaka. Nitaandika Jumatatu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi mke wangu Aune kaniambia Rauno katoka alfajiri na vijana wake tisa na gari la pampu. Nikauliza wanaenda wapi. Kasema Kuusikko, kufanya zoezi kwenye dimbwi lako.

Nilipiga simu mara sita. Msituni hakuna mtandao. Ningeweza kuendesha gari hadi huko, ni dakika arobaini. Nilikaa jikoni nikakunja vitambaa.

Saa nane mchana waliingia uani, matope hadi mapajani. Rauno kavua kofia ndipo akaanza. Saa mbili nzima wamevuta mpira wa maji vichakani. Walitaka kupima inachukua dakika ngapi maji kufika nyumba ya mwisho, ya Mama Impi, mwenye miaka themanini na saba, anayeishi peke yake. Mama Impi aliwaokea mikate tangu jana. Akasimama kibarazani na koti lake la kanisani aone maji yake. Wakaufikisha mpira hadi mlangoni, wenzao bado wanalitafuta dimbwi. Ukatoa hewa tu. Mama Impi akapiga makofi hata hivyo, akidhani ndivyo zoezi linavyoanza.

Rauno hakupandisha sauti. Kasema, "Shemeji, sikuulizi kwa ajili yangu, mimi nimekuzoea. Nakuuliza kwa ajili ya yule bibi. Nyumba yake ikishika moto, tuizime kwa ramani?"

Nilitazama viatu vyangu, ni vipya bado.

Aune kawamiminia kahawa wote kumi. Kisha akaosha birika. Yangu sikuomba.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetafakari kwa kina, kwa moyo uliopondeka. Nimekosa. Nimemkosea Marjut, Rauno, Mama Impi na korongo. Nimeamua kubadilika.

Na nilipokuwa nabadilika, mambo yakanijia waziwazi. Ramani haina tatizo. Tatizo ni msitu. Ramani inasema pale pana dimbwi, kijiji kinahitaji dimbwi, zimamoto wana mpira wa kufika kwenye dimbwi. Kila mtu ametimiza wajibu wake isipokuwa msitu.

Nikatia chepe kwenye gari. Aune kauliza la nini. Nikasema viazi. Kasema viazi tulivuna Agosti, akaingia ndani asisikie mengine.

Nilifika saa nne. Nikakuta vichaka na jiwe moja kubwa, vilevile alivyoandika Marjut. Mama yule anaijua kazi yake. Nikachimba kandokando ya jiwe. Mizizi, kokoto, mizizi. Kufikia saa nane nilikuwa na shimo la mita mbili kwa moja, kina cha goti. Maji hakuna. Viganja vimechubuka. Viatu vile vya ngozi havitavaliwa tena. Makorongo wawili walipita juu wakielekea kusini, na hawakushuka.

Kisha Mama Impi akatokea njiani na chupa ya kahawa kwenye kikapu. Kauliza nafanya nini kwenye msitu wake. Nikamwambia namchimbia dimbwi. Akalitazama shimo, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Kasema miaka yote watu wa manispaa wanamtumia karatasi. Mimi ndiye wa kwanza kuja kwa miguu. Wa pili, akajisahihisha, kuna mama mmoja wa mabuti.

Nilitaka kumwambia kila kitu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, akautilia mkate wa iliki.

Alipoondoka nikakaa kwenye jiwe, nikafungua programu ya ramani kwenye simu, nilisajili upya dimbwi. Toleo jipya halikubali kuacha kitu wazi. Amepima nani? Nikaandika: E. Rautkoski, kwa miguu. Nikayasoma maneno hayo mara kadhaa. Katika miaka ishirini na mbili, mara ya kwanza ni kweli. Nilijisikia mtu safi kabisa.

Kisha ikauliza ukubwa. Nikaliangalia shimo langu, mbili kwa moja, kavu.

Nikaandika kumi na mbili kwa nane. Leo usiku watabiri wanasema kuna mvua, na Marjut haji mpaka kesho saa tatu asubuhi.