Mwitishaji wa Mkutano wa Heshima

Miaka ile ya soko huria, Arusha ilikuwa na makampuni ya utalii mengi kuliko watalii. Mtu akishapata meza, simu na picha ya simba, tayari ni mkurugenzi. Rodrick wa Kimandolu alikuwa na picha ya simba. Simu alitumia ya hoteli moja karibu na mnara wa saa, na meza ilikuwa ile ya chai palepale hotelini. Mwaka uliotangulia alikuwa amemuuzia Mdachi mmoja kibali cha kupiga picha Mlima Meru, chenye mhuri kabisa, na Mdachi akaomba kingine kwa ajili ya mkewe.

Lakini Novemba ile maji yalikuwa yamemfika shingoni. Kwao Kibosho, Krismasi ndiyo siku ya watoto wote kurudi nyumbani mlimani, na majirani hutoka njiani kutazama umekuja na nini. Miaka mitatu alikuwa akimwambia mama yake, Bi Fransiska, kwamba yeye ni meneja. Miaka mitatu alifika kwa miguu akisema gari liko gereji. Safari hii mama alimtumia ujumbe: kama gari bado bovu, aje na fundi. Rodrick alicheka, kisha akakosa usingizi siku mbili.

Ndipo asubuhi moja akamsikia mama mmoja wa Kizungu akilalamika mapokezini, kwa Kiswahili cha chuoni. Alikuwa Bi Hedwiga, wa shirika fulani la Ulaya.

"Nimekwenda kwenye makampuni manne," alisema. "Nataka mkutano wa utalii wa wenyeji wa asili, wenye kuheshimu mila zao. Wote wananipa wacheza ngoma na fulana."

Rodrick aliweka kikombe chini kwa huzuni, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Samahani, mama. Ngoma kwenye kikao cha watu wazima? Huo ni ufedhuli."

Baada ya saa mbili alikuwa ameonyeshwa mafaili yote. Shirika lilikuwa na fungu la chakula na mila. Lilikuwa pia na Land Rover ya mtumba kwa matumizi ya mwitishaji, na mkutano ukishafungwa kwa baraka za wenyeji, gari lingekuwa lake moja kwa moja. Sharti lilikuwa moja tu: mwitishaji awe mtu anayetambuliwa na wenyeji wenyewe.

"Wewe ni Mwarusha?"

"Nimezaliwa Kibosho," alisema Rodrick, maana tapeli aliyeiva hadanganyi pasipo lazima. "Lakini Waarusha wa Oldonyo Sambu wamenipokea kwenye rika lao. Nikisema mimi, rika limesema."

Rika, kwa Waarusha, ni wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja, na tangu hapo ni ndugu hadi kaburini. Rodrick alitahiriwa hospitalini, peke yake, akiwa na miaka sita, akilia. Bi Hedwiga aliandika maneno yake kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Mpango ulikuwa mwepesi. Angekwenda Oldonyo Sambu, nyuma ya Meru, atafute wanaume thelathini wa kukaa siku mbili, kutikisa vichwa, kula na kutoa baraka. Wangetosheka na soda na sukari. Kilichoharibu ni kwamba Bi Hedwiga aling'ang'ania waende wote wawili, kwa Land Rover ileile, kwa kuwa heshima huanza na salamu.

Waliyemkuta ni Efraimu, msemaji wa rika na mzee wa kanisa la Kilutheri, ingawa umri wake ulikuwa miaka arobaini na kidogo. Alivaa shuka juu ya koti la suti. Rodrick hakuwahi hata kufungua mdomo.

"Bwana Efraimu," aliuliza Bi Hedwiga, "huyu ni mtu wa rika lenu?"

Nyuma ya bega la Bi Hedwiga, Rodrick alikonyeza. Akakonyeza tena. Efraimu alimtazama bila haraka, kisha akalitazama gari. Mwezi uliopita yeye na wenzake walikuwa wamembeba mjamzito kwa machela kwenda hospitali, kilomita kumi na mbili, na mtoto hakuwasubiri.

"Ni wetu," alisema. "Tulikuwa tunashangaa amepotelea wapi."

Rodrick alimpenda mtu yule palepale. Alidhani amempata mwenzake wa kazi.

Siku ya mkutano, chini ya turubai la kanisa, walikuja watu mia na arobaini. Rodrick aligawa ratiba aliyoichapa mwenyewe: majadiliano, dakika ishirini, baraka, siku ya pili, saa kumi kamili. Efraimu aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

"Mama," alimwambia Bi Hedwiga, "kwetu anayesema hakatizwi, na kikao hakifungwi mpaka wote tumekubaliana. Na ndugu aliyetuita ndiye anayetulisha."

Machozi yalimlenga Bi Hedwiga. "Ndivyo nilivyoandika kwenye mwongozo," alisema. "Ukurasa wa nne."

Wakajadili. Suala la mgeni anayepiga picha ng'ombe, kama aombe ruhusa kwa mwenye ng'ombe au kwa mchungaji, lilichukua siku nzima. Mtu mmoja mfupi aitwaye Peter aliuliza kwa nini wageni wanaotaka kuona maisha yao halisi huwa hawataki kuona zahanati isiyo na dawa. Aliuliza hivyo kuanzia chai hadi chakula cha mchana, na baada ya chakula akasema sasa anaingia jambo la pili.

Kila siku dume la ng'ombe lilianguka. Fungu la mila, ambalo Rodrick alikuwa amelipangia safari nyingine kabisa, liliishia chunguni. Siku ya sita wanarika waliokuwa na shughuli mjini wakaanza kulala kwake Kimandolu, kwa sababu nyumba ya mwanarika ni nyumba yako. Walikuwa watu wa adabu. Walisali kabla ya kula chakula chake. Mmoja alilisifia koti lake na kuondoka nalo, mwingine redio, na Bi Hedwiga akaandika kwamba huo ni mfano hai wa ukarimu.

Jumapili, Rodrick alimvuta Efraimu nyuma ya kanisa.

"Kaka, wewe na mimi tunajua sijawahi kuwa wa rika lenu."

"Kweli," alisema Efraimu. "Twende tukamwambie mama Hedwiga. Yule pale."

Rodrick alitazama. Gari nalo lilikuwa palepale.

"Tusimsumbue. Anaandika."

"Basi kanunue sukari, ndugu yangu."

Tarehe ishirini na tatu Desemba wakakubaliana: mgeni akaribishwe, aombe, na akikataliwa asinune. Baraka zikatolewa. Bi Hedwiga alimkabidhi Rodrick ufunguo mbele ya watu wote, naye akaubana kiganjani. Efraimu akasimama.

"Tunamshukuru ndugu yetu. Alikwenda mjini akasema kwa jina la rika. Kilichopatikana kwa jina la rika ni cha rika. Au mwenzetu ana neno?"

Watu mia na arobaini wakamgeukia. Bi Hedwiga akafungua daftari. Rodrick akisema si wa rika, mkataba umekufa na gari linarudi kwa wenyewe. Akisema ni wa rika, gari ni lao. Aliigeuza hesabu ile huku na huku, na kwa uchungu wote aliokuwa nao akakiri moyoni kwamba ameingizwa mjini na mtu wa shamba, tena kwa ustadi.

"Sina neno," alisema, akatoa ufunguo.

Jioni alimweleza Efraimu habari za Kibosho, zote, bila kuongeza chumvi. Alisema anaona aibu kuliko alivyowahi kuona.

"Mama yako ni mama yetu," alisema Efraimu. "Tutakupeleka."

Basi mkesha wa Krismasi Land Rover ilipanda Kibosho ikiwa na wanarika wanane mbele na kati, Efraimu akiwamo, na Rodrick nyuma kabisa, amekumbatia mkungu wa ndizi. Majirani walitoka njiani, kisha wakafuata hadi uani. Mbuzi wa Bi Fransiska aliliwa hadi supu. Ndipo mama akauliza gari ni la nani.

Maelezo matatu mazuri yalimjia Rodrick ulimini. Akayameza.

"La hawa, mama. Mimi sijawahi kuwa na gari."

"Nilijua. Gereji gani hiyo ya miaka mitatu?" Akamgeukia Efraimu. "Na nyie ni nani kwake?"

"Ndugu zake, yeyo," alisema Efraimu, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Sisi na yeye ni kitu kimoja. Wewe ni mama yetu."

"Wote wanane?"

"Wote."

"Majirani mmesikia," alisema Bi Fransiska. "Haya, wanangu. Majembe yako nyuma ya banda. Mfereji umejaa udongo tangu vuli ianze, na kahawa haijapaliliwa toka baba yenu afariki. Mwanangu mmoja asingeweza. Kwa tisa, mwaka mpya utakuta tumemaliza."

Efraimu alipapasa mezani alipokuwa ameweka ufunguo. Bi Fransiska alikuwa akikaza fundo kwenye pindo la kanga yake.

"Nimewatunzia," alisema. "Watoto wa hapa wanapenda kuchezea vitu."

Efraimu alilitazama fundo lile, kisha gari.

"Rodrick," aliuliza kwa sauti ya chini, "mama yako ni wa rika gani?"

Rodrick akampa jembe.