Ombi la Kuahirisha Harusi Mpaka Anga Likamilike

Ndugu Mwenyekiti wa Maandalizi ya Harusi,
(Najua wewe ni kaka yangu wa tumbo moja, lakini leo naandika kiofisi.)

Salamu na heshima nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nakuomba uisome umekaa.

Mimi ni shangazi wa bibi harusi. Ninaandika kuomba, kwa unyenyekevu mkubwa, harusi ya binti yako isifanyike Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama ulivyotangaza. Iahirishwe. Mpaka lini, utaona huko chini, usirukie mwisho kama kawaida yako.

Utakumbuka siku ile sebuleni kwako, wifi alipouliza kila mtu atatoa zawadi gani. Mjomba wa bibi harusi akasimama akasema jokofu, watu wakapiga makofi. Mdomo ukaniponza. Nikasimama nikasema nitadarizi picha kwa mkono wangu mwenyewe, aitundike ukutani kwake, kila akiamka anione. Nilipigiwa makofi kuliko jokofu.

Picha kubwa namna hiyo sijawahi kudarizi maishani. Nimedarizi vitambaa vya meza na foronya, ambako unashona ua moja pembeni na kitambaa kilichobaki kinajitegemea. Kwa hiyo dukani nilitumia akili. Nikachagua mchoro wenye kijumba kidogo chini na anga kubwa juu, nikijua nitashona kijumba, na anga litakuwa kitambaa chenyewe. Mwenye duka akaniuliza kama nimewahi kufanya michoro ya kujaza kitambaa chote. Nikamjibu kwamba nilishika sindano kabla hajazaliwa. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi, na malalamiko yangu ni haya:

1. Anga linashonwa. Kila kitundu cha kitambaa kile kinataka msalaba wake wa uzi, hata pale ambapo hakuna kitu. Wingu ni jeupe, kitambaa ni cheupe, na mchoro unaniamuru nishone uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Nilimpigia simu mwenye duka kumjulisha kwamba kiwanda kimekosea. Akasema hakijakosea. Nikamuuliza, nikiacha hapo pa wingu, nani atajua? Akasema, wewe utajua, mama. Sijamsamehe.

2. Buluu. Nilidhani naijua. Kumbe kwenye mfuko ziko buluu ukoo mzima, kila moja na namba yake, na mbili kati yao ni mapacha. Nilimwita bwana harusi aamue, maana yeye ni fundi wa majokofu na kazi yake ni kutofautisha nyaya. Alitazama sekunde chache akasema zote ni sawa tu, shangazi. Nikazipeleka dirishani kwenye mwanga, si sawa hata kidogo. Mwenyekiti, huyu ndiye unayemkabidhi mtoto?

3. Kuhesabu. Ukihesabu vitundu husemeshwi. Wifi aliingia akanijulia hali, nami nikamjibu thelathini na saba. Sasa anawatangazia watu kwamba nimechanganyikiwa. Isitoshe, niliruka kitundu kimoja karibu na ukingo, na kila kilichofuata kikaenda upande, ikabidi nifumue wingu zima. Kaka, umewahi kufumua wingu? Ni kazi ileile ya kulishona, ila unaifanya umenuna.

4. Nyumba haijaonekana. Maelekezo yanasema uanzie kona ya juu, na nyumba iko chini kabisa. Mpaka leo ninacho kipande cha buluu. Wifi alikigeuza huku na huku akauliza kama ni sare ya shule. Siwezi kumpa mtoto anayekwenda kuanza nyumba picha isiyo na nyumba. Mjomba atakuwa amesimama hapo, na jokofu lake lenye milango miwili.

5. Ratiba yenyewe. Kwa mwendo wangu wa sasa, nimekadiria kwamba harusi ikiahirishwa kwa miaka mitatu tu, hakuna atakayeumia. Ukumbi hauna miguu. Bwana harusi, kama kweli anampenda, atangoja. Mwanamume anayeshindwa kungoja picha atangojaje chakula? Bibi harusi naye hana shida ya makazi. Chumba chake kwangu kipo, kitanda kimetandikwa, kikombe chake kiko palepale. Tangu mlipohamishwa kikazi mkaniachia akiwa darasa la pili, mpaka leo anatoka kazini kwake duka la dawa, anavua viatu mlangoni bila kufungua kamba, halafu anauliza kinapikwa nini. Aendelee tu kuuliza. Nani anamkimbiza?

Najua anayemkimbiza. Tangu utotoni tunakuita Mzee wa Ratiba, na safari hii umeandika, kwa mkono wako, kwamba bibi harusi atatoka mlangoni kwangu saa nne kamili. Hukuniuliza. Umeandika saa nne kamili kana kwamba ni gari la mizigo. Niliisoma karatasi ile jikoni nikaunguza sufuria, na nililia, wala sioni aibu kukuambia.

6. Endapo ombi hili litakataliwa, napendekeza harusi ifanyike lakini bibi harusi abaki kwangu mpaka picha ikamilike. Mumewe ataruhusiwa kumtembelea Jumapili, kwa masharti kwamba hasemi neno nikiwa nahesabu.

Nategemea utalitazama jambo hili kwa jicho la kiongozi, si la kaka anayecheka. Nisalimie wifi, mwambie si sare ya shule. Nisalimie mjomba na jokofu lake. Wasalimie wanakamati wote, hasa walionipigia makofi, maana na wao wana sehemu yao katika hili.

Wako mtiifu, mwenye vidole vilivyochomwa na sindano,
Shangazi

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mwanao ameingia na kuisoma yote akiwa amesimama nyuma yangu, tabia ambayo hakuitoa kwangu. Amecheka mpaka akazikalia buluu zangu. Kisha akakichukua kitambaa akauliza nimefika wapi. Anasema nisikimalize. Atakiacha hapahapa na sindano yake, na kila Jumapili atakuja tushone wote wawili, mimi upande huu na yeye upande ule, na hiyo nyumba hana haraka ya kuifikia. Nimemuuliza mumewe atasemaje. Amesema mumewe ndiye atakayetutungia sindano, na kwamba yeye binti mwenyewe ameziona zile buluu mbili: kweli si sawa.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, futa yote hapo juu. Harusi iendelee, na kama ukumbi una nafasi, ifanyike Jumamosi hii, ili hizo Jumapili zianze. Ila pale ulipoandika saa nne kamili, andika saa nne na nusu. Nina wingu la kumalizia naye.