Sapatu za Kasri la Bentirolli

Ilitangazwa rasmi mjini Ferrara, kwa tarumbeta na kwa kuchelewa kidogo, kwamba kuanzia Pasaka watalii hawatakuja tena kulitembelea Kasri la Bentirolli. Watakuja kulihudumia.

Mwenye wazo hilo alikuwa Mkurugenzi Fulgenzio Tassinari, mtu wa kufunga tai hata akienda ufukweni. Tangu zamani kila anayeingia kasri hilo huvalishwa sapatu za sufu juu ya viatu vyake, asije akaikwaruza marumaru. Tassinari akaketi, akatafakari, akagundua: anayetembea na sufu miguuni anasugua. Sasa msuguaji wa nini? Akamstaafisha mama Nives, aliyeing'arisha sakafu ile tangu usichana wake, na watalii wakapewa cheo: Washiriki wa Hiari wa Mng'ao.

Dari la ukumbi, lililochorwa miungu, lilisahauliwa kabisa, maana Mkurugenzi alisimama mlangoni na kipaza sauti.

"Bwana mwenye kofia, kona ile umeiruka."

"Nimekuja kutazama michoro."

"Michoro haitembelewi kwa miguu. Rudi konani."

Sakafu ikang'aa mpaka njiwa wakawa wanaiogopa. Habari zikafika Roma, na Naibu Waziri Ottorino Zaghi akasema atakuja kujionea. Akiridhika, Tassinari angehamishiwa Roma, kwenye ofisi yenye dirisha la mtoni. Kila usiku alimwomba Mtakatifu Joji, akimtajia jina lake kamili ili asipewe mwingine kwa makosa.

Siku ikafika. Nives naye alikuja, kama mtalii, mkate wa kusokotwa ukichungulia mkobani. Zaghi akaingia na viatu vipya vya soli ya ngozi. Akaletewa sapatu.

"Mimi ni Serikali," akasema. "Serikali haivai sapatu."

"Basi Serikali ishike ukuta," Nives akamshauri.

Serikali ilipiga hatua moja, ikaondoka. Ilipita ukumbi mzima ikiteleza wima, ikipungia watu mkono kwa mazoea, ikaishia kitandani mwa marehemu Mtawala aliyelijenga kasri. Kitanda kilikuwa kimevumilia karne nyingi. Hapo kikakata tamaa.

Tassinari aliiona Roma ikimfungia mlango. Zaghi, chali, akalitazama dari.

"Hawa wamevuliwa nguo na nani?"

"Na mchoraji, Mheshimiwa."

"Kwa idhini ya nani?"

Kwa kuwa Serikali haitelezi, kabla ya chakula cha mchana ikatoka taarifa: Naibu Waziri amezindua Ukaguzi wa Sakafu kwa Mwili. Ukaguzi huo utafanywa kila Jumatatu na Mkurugenzi mwenyewe, ambaye atabaki Ferrara mpaka astaafu, kwani utaalamu wake hauhitajiki Roma, ambako sakafu ni za mazulia. Na kwa kuwa mkaguzi hawezi kujisukuma, mama Nives akarudishwa kazini na cheo cha Msukumaji Mkuu.

Jumatatu, mbele ya watalii, Tassinari akalala kifudifudi mlangoni, tai imenyooka. Nives akajifanyia ishara ya msalaba, akamwekea mguu mgongoni, akasukuma.

Mkurugenzi akaenda, akagota ukuta wa mbali, akarudi taratibu na vumbi la wiki nzima kifuani. Akanyanyua kichwa, akitarajia pongezi.

Nives alikuwa ameshaokota kipaza sauti.

"Bosi, kona ile umeiruka."