Paa la Mikunjo la Mususa

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua imeingia tena katika salle, ukumbi mkubwa wa shule yetu hapa Mususa, Butembo. Masœur Adèle, mtawa na directrice, mkuu wa shule, ametangaza paa jipya kabla ya Noeli. Mita nane kwa kumi na mbili. Nguzo za katikati ziondoke, maana batoto wa nyuma hawaoni ubao. Walimu wote wakataja jina moja: Papa Kitsa, seremala.

Mimi ninafundisha dessin technique, michoro ya ufundi, mwaka wa sita sasa. Serikali ilinituma hapa kutoka Kindu. Hakuna aliyetaja jina langu. Nilisubiri, kisha nikalitaja mwenyewe, lakini kikao kilikuwa kimekwisha.

Nia: paa hilo liwe langu. Butembo nzima itaacha kuniita Mwalimu Léon. Itaniita Ingénieur.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Karatasi ya mwanafunzi mmoja, Shekinah, ilinikasirisha, nikaikunja kama akordeoni. Halafu, sijui kwa nini, nikailaza kama daraja juu ya vitabu viwili vilivyoachana na kuweka kikombe cha chai juu. Ikabeba. Nikajaribu karatasi isiyokunjwa. Chai yote juu ya mitihani mingine.

Basi paa liwe hivyo: mabamba membamba ya beton, yaani zege, mlima, bonde, mlima, bonde, toka ukuta hadi ukuta, bila nguzo hata moja.

Nikakimbilia ofisini, bureau ya Masœur. Akaweka agrafeuse, kile chuma cha kubania karatasi, juu ya mkunjo wangu, kisha kitabu chake cha sala, kisha funguo zote za shule. Ikabeba. Akainama kuichungulia chini.

"Juu ya nini iliyokunjwa inabeba, na ile ingine hapana?"

Nikajibu: résistance. Akasema hilo ni jina, si jibu. Nionyeshe mfano mkubwa Jumamosi ya wiki ijayo, mbele ya Kitsa na komite ya wazazi.

Swali lake limenikaa kichwani. Kweli, juu ya nini? Kwa nini inabeba?

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeanza kwa kumpunguza mpinzani. Nilimnong'oneza Papa Gérard, mkubwa wa komite ya wazazi, kwamba nimesikia mbao za Kitsa ni mbichi.

Saa nane Kitsa akafika, Gérard nyuma yake, na ubao begani. Akaulaza juu ya meza yangu na kuniomba, kwa heshima kabisa, nimwonyeshe ubichi uko wapi. Umekaushwa miaka mitatu kule Kipese. Niliugonga. Niliunusa. Yeye na Gérard walisubiri mpaka nikamaliza kunusa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepanda pikipiki hadi Beni kumwona Henri. Tulisoma pamoja Kisangani. Yeye sasa ni ingénieur wa kweli wa madaraja na ana kitabu kinene cha mapaa. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi alifungua bahasha yangu, akakuta karatasi iliyokunjwa tu. Akataka maelezo. Nikamwonyesha. Akaweka simu yake juu, akaita mwenzake aje kuona, yeye akaongeza redio. Nilichelewa nusu saa, lakini kwa sababu nzuri.

Henri alinipa rula. Ikilala, inapinda kwa kidole kimoja. Ikisimama kwa ubavu, inakataa. Mkunjo, akasema, unasimamisha kila bamba kwa ubavu wake, na bamba la jirani linalizuia lisianguke. Nimeshika rula maisha yangu yote na sijawahi kuiuliza kitu.

Pikipiki ya kurudi ilikuwa inapiga honi. Nikapiga picha za kurasa za kitabu haraka. Sura moja inaitwa "Tympans". Tympan ni ile ngozi ya ndani ya sikio, tuliisoma katika biolojia. Mambo ya sauti katika salle, basi. Nikairuka. Henri alikuwa bado anasema kitu mulangoni. Nikampungia mkono.

Jumatano, 16 Oktoba

Mfano uko tayari: mabamba sita ya triplex, yaani plaiwudi, urefu mita mbili, yameshonwa kwa mikanda ya ngozi kwenye mikunjo. Delphine, muke wangu, ameuliza mgongo wa kabati umekwenda wapi. Nimemwambia kabati linahitaji hewa.

Kitsa alipita kuomba kuona. Nikatupa shuka juu ya kazi yangu. Akauliza tu kama mwisho wake, uliochungulia nje ya shuka, utabaki wazi namna ile. Wivu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Niandike yote.

Mfano ulikuwa juu ya mabenchi mawili. Nikaeleza rula. Masœur alitikisa kichwa kwa furaha, maana hilo sasa lilikuwa jibu. Nikaweka gunia dogo la viazi vya Musienene. Ukabeba, ukilia kidogo. Hapo ningeacha. Nikapanda mwenyewe.

Mikunjo ikaanza kujitandaza polepole, kama mtu anayenyoosha miguu kitandani. Milima ikashuka, mabonde yakapanda. Ukawa mkeka. Nikafika chini nimekaa, na viazi vikanifuata.

Hakuna aliyecheka. Kitsa alipiga magoti, akapitisha mkono kwenye ncha.

"Mwalimu, haikuvunjika. Ilifunguka. Huku mwisho hakuna kitu ya kuishika. Tuifunge, tuone."

Akachukua mbao mbili, akazikata meno yanayofuata mikunjo, akaukunja tena mfano, akapigilia moja kila mwisho. Akakaa juu. Akamwita Gérard. Akaniita na mimi. Tulikaa watatu na viazi, na triplex ya kabati langu haikusogea. Kisha Kitsa akashuka, akaingia chini, sisi tukiwa bado juu, akawa anagusa bamba moja moja kama daktari.

Masœur aliniita pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Léon, ungeikala chini ya ile paa ya kwanza, weye na batoto?"

Niliwafikiria. Salle ile inajaa mia mbili. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Uamuzi: Kitsa atajenga salle kwa charpente, kenchi za mbao. Ila ameomba kitu: banda la kuni lipate paa la mikunjo, dogo, tuone litakavyofanya kwa mvua. Mimi nichore.

Alasiri alikuja kwangu kuona zile kurasa nilizopiga picha. Zile za "Tympans" sikuwa nazo, bila shaka. Nikampigia Henri, akazituma, nikamfasiria Kitsa kutoka Kifaransa. Si sikio. Ni ukuta wa mwisho unaozuia mikunjo isifunguke, meno kwa meno, kama alivyokata. Hakujisifu. Aliuliza maji ya mvua yanakwenda wapi yakifika bondeni, na tukatafuta, na kitabu kilikuwa na jibu. Thermos mbili za chai zilikwisha. Sikumbuki alasiri nzuri kuliko hii tangu nifike Butembo.

Nimeapa: sitaruka tena ukurasa wowote.

Ijumaa, 25 Oktoba

Bwana mmoja, Manassé, amekuja kutoka Musienene kumtafuta Kitsa kwa paa la soko. Kwa bahati nilikuwa kwenye portail, lango la shule. Nikajitambulisha: Ingénieur Léon, mikunjo. Ataleta wakubwa wa soko Jumatano. Kitsa sijamwambia, anauliza maswali mengi.

Nimekwisha kuchora. Mita kumi na tano, na beton nyembamba kuliko zote alizoonyesha Henri, sentimita tatu. Watu watashangaa.

Nilimtumia Henri picha kwa simu. Amejibu mara moja: nisiguse kitu kabla ya kusoma sura ya "Flambement", hasa kwa bamba jembamba na refu namna hii, ni hatari kuliko tympans. Nimeitazama. Kurasa arobaini. Flambement, flamme: ni mambo ya kuungua.

Nimemwandikia asiwe na wasiwasi. Beton haishiki moto.