Asmini za Mwezi Ishirini na Tisa

Leo nimefedheheka. Tena mbele ya Maalim, mbele ya majirani, na mbele ya watoto wote wa chuo cha Kurani. Bora nikwambieni mwenyewe, maana mkisubiri wengine watatia chumvi.

Leo si mwezi ishirini na tisa Ramadhani? Asubuhi mke wangu, Zuhura, kanipa fedha za kitambaa cha magauni ya Idi ya wanangu wawili. Kitambaa siku hizi adimu, mnajua. Mwenye duka katuwekea yadi sita, mwisho leo isha. "Nenda moja kwa moja," kasema Zuhura, "nianze kushona."

Nikenda. Lakini si dukani.

Nilipanda baskeli mpaka Bububu kununua asmini. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mwezi ukiandama, kila mwanamke mjini anataka kikuba, kile kishada cha asmini cha kuvaa Idi, na bei inapaa papo hapo. Kabla haujaandama, maua ni rahisi. Basi ninunue mchana, niuze magharibi, nikimbilie dukani, na faida iwe viatu. (Kazi yangu ni kuziba pancha. Biashara ya maua nimejisomesha mwenyewe, njiani, juu ya baskeli.)

Mwenye bustani ni Bi Mize, mtu mzima. "Shikamoo, Bi Mize. Nataka mapakacha mawili."

"Marahaba. Chukua moja, mwanangu. Jengine njoo kesho, mwezi haujaandama."

"Leo utaandama."

"Kakwambia nani? Asmini ya leo kesho imeshakuwa rangi ya chai."

Nikacheka. Nikalipa yote mawili, mpaka senti ya mwisho ya kitambaa.

Magharibi nilikuwa ufukweni na watu wengine, mapakacha miguuni, macho juu. Wingu limetanda. Nikatazama mpaka macho yakatoka machozi. Mara nikaona kitu chembamba, cheupe, juu kidogo ya wingu.

"Ule pale," nikasema.

Wallahi niliuona. Watoto wakatoka mbio wakipiga madebe, "Idi kesho, Idi kesho." Mama mmoja akapiga kigelegele. Mikono ikaingia mapakachani, nami nikataja bei ambayo hata mwenyewe niliionea haya. (Sikuipunguza, lakini.)

Maalim Haji, anayetusalisha msikitini, akaja taratibu. "Makame, umeuona wapi?"

Nikamwonesha kwa kidole. Tukatazama sote. Upepo ukalisukuma lile wingu, na mwezi wangu ukaondoka nalo. Ulikuwa ukingo wa wingu tu.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali. Maalim akayatazama mapakacha, kisha akanitazama mimi. Akaniuliza kwa upole, na upole ndio ulioniua:

"Mwanangu, umeuona, au umeutaka?"

Jamani. Neno "nimeuona" lilishafika ulimini. Ningelitoa, pengine angetokea mwengine akasema na yeye kauona, na mji mzima kesho ungekula mchana wa Ramadhani kwa ajili ya maua yangu.

"Nimeutaka, Maalim."

Basi nikaanza kurudisha fedha, mtu mmoja mmoja, na kila mmoja akanirudishia maua yangu. Watoto nao wakarudi, madebe kimya. Wa mbele alikuwa Zuwena, binti yangu mkubwa. Kumbe ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote kwamba mwezi kauona babake. Akapita bila kunitazama.

Nilipofika dukani, mikono mitupu, kuomba mkopo, isha ilishapita na kitambaa kilishachukuliwa. Nyumbani Zuhura hakugomba. Aliyapokea mapakacha, akaimwaga asmini yote kwenye kitanda cha watoto. "Angalau walale na harufu ya Idi," akasema, akenda zake jikoni. Ningependa anitukane.

Kesho mwezi unatimia thelathini. Uonekane usionekane, keshokutwa ni Idi, na hilo halitaki shahidi. Bi Mize atauza asmini mbichi kwa bei aitakayo, na mimi sina hata ya kununulia kikuba kimoja. Wanangu watavaa magauni ya mwaka jana, mikono imeshakuwa mifupi.

Kwa hivyo msinicheke, nakuombeni. Na kesho magharibi mkinikuta ufukweni, msiniulize kitu. Natazama maji tu.